Somo: Kuondoa madoa ya maji ya chumvi kwenye vioo vya madirisha

Kioo chenye madoa ya maji kikilowa kinatakata chenyewe. Ukungu wote mweupe unapotea, mteja anatabasamu, nawe unadhani kazi imekwisha. Subiri kikauke, ukungu unarudi palepale. Nilipoanza kazi hii nilipokea hela za mwenye nyumba mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, vioo vikiwa bado vimelowa. Kesho yake asubuhi simu ikaita. Nilirudi siku tatu bila malipo, na vioo viwili viliendelea kuwa na ukungu hadi alipovibadilisha.

Maji mengi ya Dodoma yanatoka ardhini, yawe ya bomba kutoka visima vya Makutupora au ya kisima cha mtu nyumbani kwake. Yakipita kwenye miamba hubeba kalsiamu na magnesiamu, ndiyo maana sabuni inagoma kutoa povu na birika linashika ukoko. Mpira wa bustani ukirusha matone dirishani, jua na upepo wetu huyakausha upesi. Maji yanakwenda, madini yanabaki.

Mwanzoni ukoko unakaa juu ya kioo tu. Huo unatoka. Ukiachwa, na dirisha likaendelea kuloweshwa, maji huanza kunyonya sodiamu iliyomo kwenye kioo, yanakuwa makali kama magadi, na ukali huo unakila kioo chenyewe. Hapo hakuna doa la kufuta, kuna vishimo vidogo vidogo. Maji yanayotiririka kutoka kwenye zege au plasta mbichi ni makali zaidi, na kwa jinsi mji unavyojengwa, nyumba mpya nyingi zinahamiwa vioo vikiwa vimeshaliwa. Kazi yako ya kwanza ni kujua uko upande upi.

Hatua ya 1. Osha vumbi kwa maji mengi ya sabuni ya vyombo. Usiruke hapa. Vumbi letu lina mchanga, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Ukisugua kikavu unachora mistari ambayo mteja atakudai wewe.

Hatua ya 2. Angalia aina ya kioo. Kwa vioo vya kuakisi, gusa kioo kwa ncha ya kalamu: ncha ikikutana na taswira yake bila nafasi katikati, utando wa kuakisi uko upande huohuo. Upande huo usiuguse kwa wembe, stilwaya wala polishi. Kioo chenye muhuri mdogo kwenye kona ni kile kilichoimarishwa kwa moto (tempered), nacho usikipitishie wembe, kwani kinaweza kuwa na chembe zilizoganda juu yake zikaburuzwa na kukichora.

Hatua ya 3. Jaribu kipande cha ukubwa wa kiganja, kwenye kona, asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Koroga asidi ya sitriki ya unga, gramu 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Siki nyeupe pia inafaa, ila ni ya polepole. Kwa kuwa dirisha limesimama na dawa inateremka, lowesha karatasi ya chooni uibandike juu ya doa kwa dakika 10, isikauke. Kisha sugua taratibu kwa stilwaya laini kabisa, namba 0000, ile ya mafundi fenicha. Ile ya kusugulia masufuria weka mbali. Suuza, kausha, kisha subiri. Pitisha ukucha. Kama panakwaruza, ukoko bado upo, rudia. Kama ni laini kabisa lakini ukungu unaonekana, kioo kimeliwa.

Hatua ya 4. Kipande kikitakata, endelea dirisha zima kwa njia hiyohiyo. Funika kingo za terazo au marumaru kwa nailoni, maana asidi inayoyeyusha ukoko inayeyusha na hizo pia. Fremu za aluminiamu zisuuze papo hapo. Na tafadhali, dawa ya choo iacheni chooni. Inababua aluminiamu, na ikikutana na jiki inatoa gesi ya sumu.

Hatua ya 5. Kwa kioo kilicholiwa kidogo, kuna unga wa seriamu oksaidi, wa kung'arishia kioo. Ukoroge na maji uwe kama uji mwepesi, upake kwa pedi ya feliti kwenye mashine ya polishi yenye mwendo wa kupunguzwa. Grinda ya kawaida inakimbia mno. Kioo kibaki kimelowa, mkono usitulie sehemu moja. Kikipata moto kinapasuka, na ukichimba mahali pamoja, mti wa nje utaonekana umepinda. Ni kazi ya saa nyingi kwa dirisha moja. Vishimo vinavyoshika ukucha, mwambie mteja anunue kioo kipya.

Hatua ya 6. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au maji ya betri (yale yasiyo na madini, si asidi), vuta kwa mpira wa kufutia vioo. Ukimalizia na maji ya kisima umepanda madoa mapya.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, niko Singida. Nimeloweka siki usiku kucha, ukoko haujatikisika.*
Kaka, huenda una silika, madini ya jamii ya mchanga, ndani yake. Siki huyeyusha chokaa, silika haiwezi. Ongeza msuguano: stilwaya 0000, kisha seriamu.

*Kuna jamaa anauza dawa ya kupulizia, anasema doa linatoka kwa sekunde. Niinunue?*
Soma kibandiko, mkuu. Ukiona asidi ya haidrofloriki au floridi, achana nayo. Inapenya ngozi, maumivu yanaweza kuchelewa saa kadhaa, na inavuruga kalsiamu mwilini hadi kuua. Kama haina kibandiko, jibu ni lilelile.

*Shikamoo fundi. Kioo cha bafuni kwangu Kisasa kina utando hata baada ya ndimu.*
Marahaba dada. Hapo sabuni na madini vimeshikana. Anza na sabuni ya vyombo na maji ya moto kutoa mafuta, ndipo ndimu ifanye kazi. Halafu futa kioo kila mkimaliza kuoga.

*Unachajije?*
Bei mbili, moja ya kutoa ukoko na moja ya polishi. Sitaji yoyote kabla kipande cha majaribio hakijakauka mbele ya mteja. Bei ya polishi ikikaribia ya kioo kipya, namwambia ukweli, nachukua hela ya kusafisha vilivyobaki.

*Paneli za sola nazo zina madoa ya kisima. Nitumie seriamu?*
Hapana! Nyingi zina utando wa kupunguza mng'ao, utaukwangua. Sponji laini na maji ya mvua, alfajiri zikiwa za baridi.

*Maji ya mvua Dodoma utayatoa wapi, fundi?*
Desemba inakuja. Weka pipa chini ya bati, mvua ya kwanza iache ioshe vumbi, kinga inayofuata. Mapipa yangu mawili hunifikisha Agosti, kwa kusuuzia tu.