Muulize kabla hujamgusa
Wenzangu wa fiziotherapia hapa Mombasa: mgonjwa akija na maumivu ya mgongo yaliyozidi miezi 3, kabla hujamgusa muulize, “Mama, wewe mwenyewe waona ndani ya mgongo kumetokea nini?” Kisha nyamaza. Jana mchuuzi wa soko la Kongowea alinijibu, “Pingili imesagika, nikiinama itakatika.” Ndipo nikaelewa kwa nini alikaza mwili mzima na kushika pumzi kuokota kiatu tu. Mwenye imani hiyo hafanyi zoezi la kuinama, hata umwelekeze mara ngapi. Anza na hofu yake. Swali hili hugoma mwana wa mgonjwa akiwa chumbani, maana mwana ndiye atakayejibu. Na akitaja ganzi sehemu za siri au mkojo kumponyoka, acha maswali, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.