Somo: Kikapu cha Wagullah hakisukwi, hushonwa

Mliokulia kwenye ukili, sahauni ukili kidogo. Kikapu cha Wagullah wa pwani ya South Carolina, Marekani, ni kamba nene ya nyasi inayozungushwa na kushonwa, kama agaseke, kile kikapu cha Rwanda. Wazee wao, waliopelekwa utumwani kutoka Afrika Magharibi, walishona hivi nyungo za kupepetea mpunga.

1. Nyasi. Ni laini, zinanukia, huota karibu na vilima vya mchanga ufuoni. Kanyaga shina, vuta kwa mkono. Usikate, mizizi ibaki ichipue. Kausha siku kadhaa.

2. Uzi. Makuti machanga ya palmeto, aina ya mnazi-mwitu wa huko, yachanwe membamba.

3. "Mfupa". Ndivyo wanavyokiita kifaa cha kutobolea, ingawa siku hizi ni mpini wa kijiko uliosuguliwa ncha. Hauna tundu kama shazia; unatoboa tu, kama msharasi.

4. Fundo. Hapa ndipo wengi huharibu. Shika majani marefu ya msonobari, unene wa penseli, piga fundo, kaza mpaka lisichezecheze. Mikia ikunje ilizunguke.

5. Toboa mzunguko wa ndani, pitisha kuti, vuta, rudia. Kamba ikianza kukonda chomeka nyasi mpya katikati, kidogo kidogo, unene usibadilike.

Maswali

– Shikamoo mwalimu. Huku Pemba palmeto hatuna. Ukindu je?
– Marahaba. Unafaa sana, ila uloweke kwanza. Nyasi tafuta ndefu zisizo na vifundo.

– Kaka, vikapu hivi niliviona kando ya Barabara Kuu ya 17, Mount Pleasant, South Carolina. Mbona bei kali vile?
– Kimoja kikubwa hula miezi, dada. Na nyasi zenyewe ni taabu: ufuo umejaa nyumba na viwanja vya gofu, wengine huzifuata hadi Georgia na Florida. Jimbo lilikitangaza kikapu hiki kazi yake rasmi ya mikono mwaka 2006. Nyasi hazikuongezeka kwa hilo.

– Changu kimejikunja kama bakuli, nami nataka sinia.
– Unavuta kuti kwa nguvu mno, au mzunguko mpya unaupandisha juu ya ule wa zamani. Ulaze ubavuni. Fumua mpaka pale kilipoanza kuinuka, fundo usiliguse.