Ukoko wa kichwani usioisha kwa mtoto anayetembea: jinsi ya kuutoa

Tuanze na hili maana ndo linawaumiza kina mama wengi: yale magamba ya njano yanayonata utosini sio uchafu, na sio kwamba hujui kuogesha, kwahiyo wakwe na majirani wakianza maneno we waache tu. Mtoto anazaliwa na homoni za mama yake mwilini, zinachochea ngozi ya kichwa itoe mafuta mengi, afu kuna fangasi anaitwa Malassezia ambaye sote tunaishi naye kwenye ngozi, yeye chakula chake ni hayo mafuta, ndo ngozi inavurugika inaanza kumwaga magamba. Kwa wengi ukoko huu unaanza mtoto akiwa na wiki chache tu na unaondoka wenyewe kabla hajafikisha mwaka. Sasa wako kashaanza kukimbia uani na bado upo, hapo ndo kuna kazi.

Kabla ya kupaka kitu chochote hakikisha kwanza ni ukoko kweli. Kaa nje mchana penye mwanga, mlaze kichwa mapajani, tenganisha nywele kwa mpini wa kitana uone ngozi yenyewe sio nywele za juu tu. Ukoko una magamba ya mafuta mafuta, manjano au kahawia, yameshikana, ila nywele zipo na mtoto hajikuni sana. Ukiona duara limenyonyoka, nywele zimekatikia usawa wa ngozi zimebaki vidoti vyeusi, anajikuna, na ukipapasa nyuma ya shingo unakutana na vitezi, hayo ni mapunye dada, usipoteze hela kwenye mafuta wala krimu. Fangasi wa mapunye anaingia ndani ya unywele, anataka dawa ya kunywa kama griseofulvin, inapigiwa hesabu kwa uzito wa mtoto na inaendelea kwa wiki kadhaa, kwahiyo ni kituo cha afya moja kwa moja. Na kama ni ngozi kavu inayowasha mpaka usiku halali, na kwenye mikunjo ya viwiko na magoti napo kuna ukurutu, hiyo yaweza kuwa pumu ya ngozi, nayo ina matibabu yake.

Haya, umejiridhisha ni ukoko. Kinachoufanya ugande huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kwa ninavyoona mimi, ni mafuta yanayopakwa na hayaoshwi. Baridi ya Juni na Julai kuanzia Uyole mpaka Makete kila mtu anaijua, mtoto anavalishwa kofia ya sweta kutwa nzima, kichwa kinaoshwa Jumapili kwa Jumapili, na kila asubuhi anapakwa mafuta juu ya mafuta ya jana. Mafuta kazi yake ni kulainisha gamba litoke, basi, sio dawa. Ukiyaacha yakae unamwekea fangasi mezani.

Kwahiyo osha kichwa mchana, saa saba saa nane hivi jua likiwa limechangamka, ndani ya chumba ambacho hakipitishi upepo. Jiko la mkaa usiliingize humo ukafunga mlango, moshi wake usioonekana unaua kabisa. Saa moja kabla ya kuosha chukua mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato au baby oil, paka pale penye magamba tu, kanda taratibu kwa vidole. Gamba likiwa nene sana paka usiku mvalishe kofia laini ya pamba alale nayo, asubuhi utalikuta limelainika. Mafuta ya mzeituni na ya parachichi, najua Rungwe na Njombe parachichi tunazo mpaka za kumwaga, lakini yana asidi ya oleiki nyingi ambayo huyo fangasi anaipenda, pikia tu.

Likishalainika chukua brashi laini ya nywele za mtoto, au mswaki mpya wa mtoto ule laini kabisa, sugua kwa kuzungusha bila kukandamiza. Ukingo wa gamba utaanza kunyanyuka, linalonyanyuka lenyewe litoe kwa kitana cha meno ya karibu karibu ukifuata unywele uelekee nje, lililoshika liache mpaka siku nyingine. Usibandue kwa kucha hata kama unatamani (na mkono unawasha kweli hapo!), ukitoa damu umefungulia bakteria mlango. Utosi usiuogope, kwa wengi mfupa wa mbele unafunga kati ya mwaka mmoja na miaka miwili na hata kabla haujafunga kusugua taratibu hakumdhuru. Kisha osha kwa shampuu ya watoto na maji ya vuguvugu, rudia povu mara ya pili ili mafuta yote yatoke, suuza vizuri, kausha kwa taulo kwa kugusagusa, kichwa kikishakauka ndo kofia. Fanya hivyo kila siku au siku moja moja ukiruka mpaka ngozi iwe safi, afu mara mbili kwa wiki kuzuia usirudi.

Umefanya hivyo wiki mbili tatu hakuna kitu? Hapo muulize daktari kuhusu shampuu ya kuua fangasi ya ketokonazole asilimia 2, kwa watoto wadogo isianzwe kwa kushauriwa na muuza duka tu. Kwa kawaida inatumika mara mbili kwa wiki, unapaka kichwa kikiwa kimelowa, unaacha dakika tatu mpaka tano huku umemkinga macho, unasuuza. Pakiwa pekundu pamevimba daktari anaweza kuongeza krimu ya haidrokotisoni asilimia 1 (steroidi hafifu ya kutuliza uvimbe), kidogo sana kwa siku chache. Zile krimu za mchanganyiko tatu kwa moja zinazouzwa kiholela ndani zina steroidi kali kama betamethasone, kwa kichwa cha mtoto hapana, zinakondesha ngozi na zinaficha mapunye yakaendelea chini kwa chini. Mafuta ya taa pia hapana. Kumnyoa hakuponyi ila nywele fupi zinasaidia dawa ifike, tumia mkasi, wembe juu ya magamba unachana ngozi na mashine ya saluni inaweza kumletea mapunye ya mtu mwingine. Wa kike msimsuke kwa kubana kwanza.

Usisubiri shampuu wala nini kama panatoa usaha au maji, ana homa, au nywele zinanyonyoka. Na kama umesambaa usoni, kwapani, kwenye mapaja, halafu haongezeki uzito, anaharisha kila mara au ana utando mweupe mdomoni usioisha, mpeleke apimwe vizuri pamoja na VVU, sisemi kumtisha mtu ila Njombe, Iringa na Mbeya ndo mikoa yenye maambukizi ya juu nchini na mtoto akijulikana mapema dawa zipo bure. Baadhi ya hospitali za mikoa zina matabibu waliosomea magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, ulizia mapokezi siku yao ya kliniki ni ipi.

Magamba yakishatoka unaweza kukuta mabaka yaliyopauka kwenye ngozi, hasa kwa watoto weusi. Usipake kitu, rangi inarudi yenyewe taratibu kwa miezi.