Kupiga Hatua ya Pili katika JavaScript: Matukio, Data na Kusubiri

Mtu anayezifahamu HTML na CSS (lugha za kuunda na kupamba kurasa za wavuti), na anayeweza kuandika fankisheni fupi ya JavaScript ya kubadilisha maandishi ya ukurasa, mara nyingi hukwama hapo kwa sababu huendelea kukusanya vipande vya kodi bila kujua kivinjari kinavyovitekeleza. Ningemshauri aanze na matukio, yaani mambo yanayotokea kwenye ukurasa, kama vile kubofya.

Mtumiaji anapobofya kitufe, tukio hilo halikomei kwenye kitufe, bali hupanda hadi kwenye elementi (sehemu ya ukurasa) inayokizunguka, kisha ile iliyo juu yake, mpaka kwenye waraka wenyewe. Chukua orodha ya kazi ambayo kila mstari una kitufe cha kufuta. Ukikiwekea kila kitufe msikilizaji wake (kodi inayosubiri tukio na kulijibu) ukurasa unapofunguka, kazi itakayoongezwa baadaye haitafutika, kwa kuwa kitufe chake hakikuwapo wakati huo. Msikilizaji mmoja kwenye orodha yenyewe anatosha:

```
orodha.addEventListener("click", (tukio) => {
  const kitufe = tukio.target.closest(".futa");
  if (!kitufe) return;
  kitufe.closest("li").remove();
});
```

Andika kodi hii kwa mkono wako, kisha ongeza kazi mpya na uzifute mpaka uone kwa nini mstari wa tatu ni wa lazima: bila huo, kubofya mahali pengine popote kwenye orodha kutaleta hitilafu.

Baada ya hapo, acha kuutegemea ukurasa kama ghala la taarifa. Weka kazi zote kwenye safu moja (array, yaani orodha ya thamani ndani ya kodi), na uandike fankisheni moja inayochora orodha kutokana na safu hiyo; kila badiliko lifanyike kwanza kwenye data, ndipo orodha ichorwe upya. Maandishi yaliyoingizwa na mtumiaji yaonyeshwe kwa textContent, inayoyachukua kama maandishi matupu, kamwe yasipitishwe kwenye innerHTML, inayoyasoma kama HTML, maana huo ni mlango wa kupenyeza kodi hasidi. Ukitaka kazi zibaki hata ukurasa ukifungwa, tumia localStorage, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari, ambayo hutunza maandishi tu. Kwa hiyo safu hugeuzwa kuwa maandishi kwa JSON.stringify inapohifadhiwa na kurejeshwa kwa JSON.parse.

Sehemu inayohitaji subira zaidi ni mawasiliano na seva. Fankisheni ya fetch, inayotuma ombi kwa seva, hairudishi data papo hapo. Hurudisha ahadi (promise), yaani kitu kinachowakilisha jibu litakalokuja baadaye, na kodi iliyo chini yake huendelea kutekelezwa jibu likiwa bado safarini. Maneno async na await, yaliyoingia katika kiwango rasmi cha lugha mwaka 2017, huifanya kodi ya namna hii isomeke kwa mfuatano wa kawaida. Hata hivyo, seva ikijibu kwa 404 (kilichoombwa hakikupatikana) au 500 (hitilafu ndani ya seva), fetch haihesabu kuwa imeshindwa, hivyo try na catch, muundo wa kunasa makosa katika kodi, peke yake haitanasa kosa hilo. Ni lazima ukague sifa ya ok ya jibu kabla ya kuisoma data.

Mwisho, tengeneza kisanduku cha kutafuta kinachoiuliza seva kila herufi inapoandikwa. Fungua zana za wasanidi za kivinjari, punguza kasi ya mtandao, kisha andika haraka: jibu la ombi la zamani linaweza kufika baada ya jibu jipya na kulifunika. Kabla ya kutuma ombi jipya, lighairi lililotangulia kwa AbortController, zana ya kivinjari ya kusitisha maombi.