Kumsaidia mtoto aliyenusurika ajali: vikao vya unasihi, tangu cha kwanza hadi cha mwisho

Barabara kuu ya TANZAM, kuanzia mteremko wa Kitonga hadi Tunduma, huacha watoto waliotolewa wazima ndani ya basi lililopinduka. Mfupa ukivunjika huungwa. Lakini miezi miwili baadaye mtoto bado anashtuka akisikia honi ya lori, anaota ndoto zilezile, amerudia kukojoa kitandani, na akiwa peke yake anacheza mchezo mmoja tu: basi linaanguka. Maelekezo haya yanawahusu wanasihi, maafisa ustawi wa jamii na walimu wa malezi waliopata mafunzo na wenye mtu wa kuwasimamia. Mlezi naye ayasome, ajue mtoto wake anafanyiwa nini.

Wiki za kwanza usimkalishe mtoto aeleze yote kwa mkupuo. Kikao kimoja cha "kutoa ya moyoni" hakizuii kiwewe, yaani hofu inayobaki ndani ya mtu baada ya tukio la kutisha. Wengi hupata nafuu wenyewe wakirudishwa kwenye ratiba ya kawaida: shule, chakula kwa wakati, kulala na mtu wanayemwamini. Dalili zikipita mwezi mmoja na zikimkwamisha shuleni au nyumbani, hapo anza. Dawa za kutuliza kama diazepamu zisitumike kutibu kiwewe cha mtoto. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2013.

Njia yenye ushahidi mkubwa ni tiba ya kuzungumza inayolenga kiwewe, iliyoundwa Marekani na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger. Kwa kawaida huwa vikao 12 hadi 16, kimoja kwa wiki, dakika 60 hadi 90, muda ukigawanywa kati ya mtoto na mlezi. Isikutishe kwa kuwa imetoka mbali. Moshi ilijaribiwa kwa vikundi vya watoto yatima, na walioiendesha hawakuwa madaktari bali wanasihi wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu.

Kabla ya yote, hakikisha hatari imekwisha. Ajali imeshapita, lakini mtoto anayepigwa au kudhalilishwa na mtu anayeishi naye bado yuko ndani ya hatari, na kumfanya asimulie huku anarudi nyumba ileile ni kumwongezea mzigo. Huyo aanzie kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au simu ya watoto namba 116. Kama amebakwa, afike hospitali ndani ya saa 72 ili awahi dawa za kuzuia VVU.

Vikao vitatu au vinne vya mwanzo ni vya maandalizi. Mweleze kwamba mwili uliotishika hubaki macho hata hatari ikiisha, na kwamba hajapungukiwa akili wala hajarogwa. Mfundishe kupumua: avute hewa kwa pua akihesabu tatu, aitoe polepole kwa mdomo kama anayepoza uji wa moto, mara tano, asubuhi na kabla ya kulala. Afanye akiwa ametulia. Asipozoea wakati wa utulivu, hatakumbuka kupumua hivyo hofu itakapomkaba. Halafu mpe maharage kumi ya kupimia hofu. Asipoogopa hata kidogo hashiki hata moja. Akiogopa kupita kiasi anashika yote. Mtoto wa miaka saba anaelewa hesabu hiyo haraka kuliko chati ya kuchapishwa.

Kuna jambo la huku kwetu linalowakwamisha wanasihi wengi. Mtoto aliyelelewa vizuri akishakwambia shikamoo, kila utakalosema atajibu "ndiyo". Usimuulize "ulikuwa unaogopa, eti?" Muulize "ikawaje?" Kaeni ubavu kwa ubavu kwenye mkeka, mbele yenu karatasi na penseli za rangi, usimkazie macho. Kama maneno ya ndani yanamjia kwa Kinyakyusa au Kihehe, aseme hivyohivyo.

Kisha kinakuja kisa chenyewe, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ama mnasihi anaogopa machozi na kuahirisha hadi vikao vinaisha, ama anakimbilia tukio siku ya kwanza. Tumia daftari. Ukurasa wa kwanza anajieleza yeye: anasoma wapi, anapenda nini. Unaofuata ni asubuhi ya safari, kabla ya lolote. Kila kikao ongeza kipande kimoja, ukiuliza kisha ikawaje, uliwaza nini, mwili ulihisi nini. Andika maneno yake bila kuyapamba, mpumzishe, msomee kuanzia mwanzo. Hesabuni maharage kabla, katikati na baada. Acha dakika 15 za mwisho kwa mchezo. Akibaki na maharage tisa usimruhusu aondoke hivyo. Pumueni, chezeni mpaka yapungue. Sehemu mbaya kuliko zote aifikie mwishoni, akishaona kwamba kusimulia hakumuui.

Ndani ya daftari utakutana na fikra kama "mimi ndiye niliyeomba tukae kiti cha mbele, mdogo wangu akaumia." Usimkatishe kwa "usijilaumu." Rudisha maharage kumi, safari hii yapime lawama: ya dereva mangapi? Ya mwendo? Ya mvua, ya breki, ya lori lililokuwa mbele? Yako mangapi? Mara nyingi huanza kwa kujiwekea sita, na akishawagawia wengine hubaki na moja au hana kabisa. Mwache ayahamishe kwa mkono wake.

Hofu ya gari hupandiwa ngazi: picha ya basi, kisha kusimama mbali na kituo, kukaa ndani ya daladala iliyoegeshwa, halafu safari fupi na mlezi, tuseme Mafiati hadi Mwanjelwa jijini Mbeya. Katika kila ngazi akae hadi maharage yashuke nusu. Akitoka hofu ikiwa kileleni, anajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na kesho itakuwa ngumu zaidi. Hatari ya kweli haimo katika zoezi: kuvuka barabara kuu peke yake si ngazi.

Wakati huohuo mlezi anafundishwa pembeni. "Nyamaza, mshukuru Mungu umepona" husemwa kwa upendo, ila mtoto husikia kwamba haitakiwi kuzungumzwa. Mlezi asikie kisa akiwa na wewe kwanza, ili asianguke kilio mbele ya mtoto, kisha mtoto amsomee mwenyewe. Kama mlezi naye alikuwemo kwenye basi, au amefiwa, atahitaji mtu wake wa kuzungumza naye.

Mtoto akisema anataka kufa, akijiumiza, au vikao vikiisha naye halali wala haendi shule, mpeleke kwenye huduma ya afya ya akili, mfano Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ukiandika ulichofanya na maharage yalivyokuwa kila wiki.