Boila ya nyumba yako Uingereza: bei ni hii, na mtego uko hapa

Kila mwenye nyumba Uingereza huniuliza bei kwanza, basi tuimalize. Kung'oa boila ya kombi, yaani ile inayopasha nyumba na maji ya bomba moja kwa moja bila tangi, na kuweka kombi nyingine palepale ilipokuwa, jipange kwa pauni 2,000 hadi 3,000, mashine, kazi na VAT vikiwa ndani. Ukitaka ihame, tuseme kutoka jikoni kwenda darini, ongeza kama pauni 500 hadi 1,000. Nyumba yenye mfumo wa zamani, ule wa tangi darini na silinda ya maji moto kabatini, ukiugeuza kuwa kombi utafika 3,000 hadi 4,500, maana mabomba hupangwa upya. London na miji ya kusini mashariki hupanda zaidi. Mashine peke yake, ya kampuni inayojulikana, huwa kati ya 800 na 1,500. Kwa sisi tunaopiga hesabu kwa shilingi za Kenya, pauni moja ikiwa karibu 170, kazi ya chini kabisa inaanzia 340,000.

Kwa hiyo mtu akikutajia pauni 1,400 kwa simu bila kuiona nyumba, bado hajakutajia bei.

Sasa nisikilize vizuri. Hapa ndipo nilipoumizwa, na ndipo wanapoumizwa wengi wetu tunaoishi mbali na nyumba tulizonunua kwa jasho la zamu za usiku. Kotesheni unaweza kujipanga nayo. Kinachomaliza watu ni nyongeza zinazotajwa wakati boila ya zamani imeshashushwa ukutani na mpangaji yuko kwenye baridi.

Nyumba yangu iko Midlands, katikati ya England, ni ya mstari, yaani imeshikana kuta na za majirani, vyumba vitatu. Niliinunua nikiwa muuguzi huko, na niliporudi Nairobi niliiacha na mpangaji chini ya ajenti. Boila ikafa Januari. Kampuni moja ikatoa kotesheni kwa kuangalia picha za WhatsApp: pauni 1,950. Hakuna aliyekanyaga pale kupima chochote. Dipoziti ikalipwa, tarehe ikapangwa, mafundi wakaingia asubuhi. Huku Nairobi nilikuwa kwenye matatu ya kwenda mjini picha ilipoingia: boila ya zamani imelazwa sakafuni juu ya shuka, ukutani pamebaki alama nyeupe ya mstatili na tundu la bomba la moshi lililozibwa kwa mfuko wa plastiki, na chini yake bomba la shaba limefungwa kofia. Maneno yaliyofuata: bomba la gesi ni dogo, lazima libadilishwe, pauni 450. Kisha mfumo una matope, usafishwe kwa mashine, 480. Bomba la moshi haliwezi kutokea palepale, 260. Kichujio cha sumaku, cha kunasa uchafu wa chuma kwenye maji ya mfumo, hakikuwa ndani ya bei, 140. Na jioni ikaja ankara yenyewe, ambayo juu ya yote hayo iliongeza VAT ya asilimia 20, kwa sababu ile 1,950 ilikuwa bila VAT. Jumla pauni 3,936. Piga hesabu hiyo kwa shilingi uone.

Utakataa vipi? Mpangaji ana mtoto mchanga. Nje ni nyuzi moja. Fundi mwingine hapatikani mpaka wiki ijayo. Wanajua hivyo kabla hawajakutumia picha, na ndiyo maana wanaituma saa hiyo na si jana yake.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote: hakuna hata kitu kimoja kati ya hivyo ambacho hakingeonekana mapema. Bomba la gesi la milimita 15 huonekana kwa macho pale kwenye mita na chini ya boila. Kombi huvuta gesi nyingi kwa mara moja inapopasha maji, na presha ikishuka zaidi ya milibari 1 kati ya mita na boila, bomba lazima liwe pana, kwa kawaida milimita 22. Hiyo ni hesabu ya urefu na kona, na fundi anayejua kazi huipiga akiwa amesimama hapo na futi ya kupimia. Matope? Fungua valvu ya rejeta moja, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba, maji meusi yatoke kwenye kikombe, umejua. Bomba la moshi lina sheria ya umbali kutoka dirishani na kwenye mpaka wa jirani, na dirisha halihami. Anayekuja kuyaona hayo baada ya kushusha boila alikuwa na nia yake tangu mwanzo.

Basi usikubali kotesheni bila mtu kufika nyumbani. Narudia: bila mtu kufika nyumbani, usitoe hata senti. Mwambie ajenti au mpangaji amfungulie, na mwambie fundi aandike kwenye kotesheni mambo haya kwa majina yake: ukubwa wa bomba la gesi na kama litabadilishwa, bomba la moshi litatokea wapi, kusafisha mfumo, kichujio, themostati, kuondoa boila ya zamani, na VAT. Kisha omba sentensi moja iandikwe: hakuna nyongeza itakayolipwa bila mwenye nyumba kuikubali kwa maandishi kabla boila ya zamani haijafunguliwa. Kampuni nzuri itaiandika bila maneno. Inayoanza kuzungukazunguka, achana nayo. Chukua kotesheni tatu. Na usidanganywe na "ofa inaisha leo". Boila si samaki wa soko la Gikomba.

Dawa nyingine ya mtego huu ni kuondoa ile haraka wanayoitegemea. Boila ikifa, siku hiyohiyo mnunulie mpangaji hita mbili au tatu za umeme, zile za mafuta zenye magurudumu. Moja haizidi sana pauni 50 au 60. Mwambie utamfidia umeme wa ziada, na utimize. Ukiwa umempa joto la muda, una siku kadhaa za kufikiri na kupiga simu, na anayekutajia pauni 450 hana tena mtoto wa kukutishia naye.

Na kabla ya kununua chochote, hakikisha boila imekufa kweli. Muulize mpangaji sindano ya presha inasoma ngapi. Mfumo ukiwa baridi inatakiwa iwe kati ya 1 na 1.5. Ikiwa chini, huenda ni kuongeza maji tu kwa valvu iliyo chini ya boila. Wakati wa barafu, angalia bomba la plastiki linalotoa maji ya boila nje ya ukuta. Likiganda, boila hunguruma na kujizima. Maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, yakimwagiwa bomba hilo huirudisha kazini. Kuna watu wameuziwa boila mpya ya maelfu kwa sababu ya kipande cha barafu. Lakini harufu ya gesi ikisikika hakuna kujaribu: madirisha yafunguliwe, watu watoke, ipigwe 0800 111 999, ni bure na hupokelewa saa zote.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani, nawasema kwa upendo. Binamu yangu wa Umoja aliposikia laki sita na ushee aliuliza kwa nini nisinunue instant shower River Road nikamtumia mpangaji. Ndugu, kule maji ya kuoga ni sehemu ndogo tu. Boila ndiyo inayopasha rejeta kwenye kila chumba, na bila rejeta Januari kuta zinatoa unyevu, ukungu mweusi unapanda kwenye kona, na watoto wanaanza kukohoa. Shangazi naye alikuwa na jina mkononi: mtoto wa fulani yuko Luton, anajua gesi, atafanya kwa nusu bei. Shangazi, kama hayuko kwenye Gas Safe Register, rejista rasmi ya mafundi wa gesi, asiguse. Huko ni kosa la jinai, bima inaweza kukataa kulipa nyumba ikiungua, na gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, inaua watu usingizini. Fundi wa kweli ana kadi yenye picha yake, namba na tarehe ya mwisho, na upande wa nyuma imeandikwa ameruhusiwa kazi zipi. Wapo walioruhusiwa jiko la gesi lakini si boila. Namba hiyo huangaliwa kwenye tovuti ya rejista kwa dakika moja, hata ukiwa Donholm.

Kama unapangisha England, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 inakubebesha matengenezo ya mfumo wa joto na maji moto, mkataba useme usemavyo. Kila mwaka gesi ikaguliwe na fundi aliyesajiliwa, mpangaji apewe nakala ya cheti ndani ya siku 28. Tangu Oktoba 2022, England, weka king'ora cha kaboni monoksidi chumba chochote cha kuishi chenye boila. Adhabu ya kupuuza ukaguzi wa gesi ni faini isiyo na kikomo au jela. Hapa nitasema wazi ninavyoona, najua baadhi ya wenye nyumba wenzangu hawatapenda: sheria hizi ni nzuri, na natamani tungekuwa nazo. Nimeona landilodi wa Eastlands akifunga mlango wa mpangaji kwa kufuli na kuondoa mabati ya paa kwa sababu ya kodi ya mwezi mmoja. Kule mpangaji ana deni na bado una wajibu wa kumpasha joto. Inauma mfukoni, lakini ni haki.

Jambo jingine nililoliona kwa Waingereza ni kwamba wanamheshimu fundi. Fundi wa gesi mara nyingi hupata zaidi ya nesi, ana gari lake, simu yake haipumziki, na hakuna mzazi anayeona aibu kumtaja. Sisi tunauza shamba mtoto apate digrii atakayoitembeza kwa bahasha mjini, huku anayekwenda chuo cha ufundi tukimwonea huruma. Vijana wenu walio huko wanaohangaika na zamu za nyumba za wazee, waambieni kuhusu ufundi huu.

Kitu kingine cha kujua kuhusu Waingereza: wataongea nawe kwa upole wote, cheers kila sentensi, kisha siku ya ugomvi kinachohesabika ni kilichoandikwa. Simu ikiisha, tuma barua pepe: "Tumekubaliana hivi na hivi." Kila mara.

Malipo: usimalize kulipa kabla ya kazi kukamilika. Dipoziti ilipe kwa kadi ya mkopo ya Uingereza kama bado unayo. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinafanya benki iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, hata kama ulilipa sehemu tu kwa kadi. Ukituma pesa moja kwa moja benki, huna ulinzi huo. Mkopo wa kampuni za boila uuangalie mara mbili: pauni 3,000 kwa riba ya asilimia 9.9 miaka kumi itakutoka karibu 4,650, na labda boila yenyewe itakuwa imezeeka ukimaliza. Ukifikiria pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje badala ya kuchoma gesi, serikali hutoa ruzuku ya pauni 7,500 England na Wales, hata kwa wanaopangisha, ila nyumba ya mstari yenye kuta zinazovuja joto izibwe kwanza.

Kazi ikiisha, dai kitabu cha boila kiwe kimejazwa vipimo na kusainiwa, na hakikisha fundi ameisajili waranti. Nyingi hudai usajili ndani ya siku 30 na sevisi kila mwaka, ambayo ni pauni 80 hadi 120. Ukiruka sevisi, waranti ya miaka kumi inabaki karatasi. Cheti cha kanuni za ujenzi mara nyingi hutumwa kwa posta kwenye anwani ya nyumba yenyewe, kwa hiyo mwambie mpangaji asiitupe bahasha hiyo. Utaulizwa siku ya kuuza.

Mwisho ni kodi ya serikali, kwa mliorudi nyumbani kama mimi. Mwenye nyumba anayeishi nje ya Uingereza hukatwa asilimia 20 na ajenti, isipokuwa HMRC, mamlaka ya kodi, yaani KRA ya huko, imekubali fomu ya NRL1 upokee pango lote bila kukatwa. Kubadilisha boila iliyoharibika kwa nyingine ya kiwango kilekile huhesabiwa kama ukarabati na hutolewa kwenye mapato ya mwaka huo. Kuweka mfumo wa joto mahali ambapo haukuwepo ni uboreshaji, hautolewi hivyo. Ikiwa bado unakatwa, mwache ajenti alipe bili ya boila kutoka kwenye kodi ya mpangaji, maana gharama aliyolipa yeye huipunguza kabla ya kukata ile 20. Ila soma mkataba wake kwanza: wengi huongeza asilimia yao juu ya kazi kubwa, na asilimia hiyo juu ya pauni 3,000 si pesa ya kupuuza.