Namna ya Kutembelea Bustani ya Mawaridi ya Sissinghurst kwa Msafiri Atokaye Mwanza

Sisi wa Mwanza tumezoea waridi linalochanua karibu mwaka mzima, kwa kuwa huku kando ya ziwa hatuna baridi kali ya kuulaza mmea. Ndiyo maana mzazi anayekwenda Uingereza kumwona mwanawe aliyeko masomoni hupanga siku ya kwenda bustanini bila kuuliza mwezi, kisha hukuta miiba na majani. Kwa bustani ya Sissinghurst, iliyoko Kent, kusini-mashariki mwa London, mwezi ndio jambo la kwanza kuamua. Mawaridi mengi ya pale ni ya aina za zamani, ambazo huchanua mara moja tu kwa mwaka, hivyo wiki ya mwisho ya Juni ndiyo ningemshauri mtu yeyote.

Mahali hapo huitwa Kasri la Sissinghurst, lakini neno kasri lisikupe matumaini ya ngome yenye mizinga. Palikuwa na jumba kubwa la matajiri la karne ya 16, na sehemu kubwa ya jumba hilo ilikwisha kubomolewa. Jina la kasri linahusishwa na mateka wa Kifaransa waliofungwa humo wakati wa Vita vya Miaka Saba (1756–1763). Mshairi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson walinunua magofu hayo mwaka 1930. Mume akachora mistari ya njia na kuta za mimea iliyokatwa, mke akapanda. Mwaka 1938 waliwafungulia watu kwa kiingilio cha shilingi moja, shilingi ile ile ambayo nasi tulirithi jina lake. Tangu 1967 bustani iko chini ya National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo na bustani za kale.

Panda treni London, stesheni ya Charing Cross, ushuke Staplehurst baada ya muda wa kama saa moja, kisha uchukue teksi. Beba koti la mvua hata kama asubuhi ni jua.

Ukiingia, anza kwa kupanda mnara wa jumba lile la zamani. Kama vile mgeni wa Mwanza anavyoelewa mji akishapanda juu ya mawe yetu na kuliona ziwa, ndivyo huko juu utakavyoona kwamba bustani imegawanywa vyumba vyumba, kila chumba na rangi zake. Kisha shuka kwenye mawaridi, utembee polepole, unuse, kwa maana aina hizo za zamani zina harufu nzito. Chini yake utaona mimea laini isiyo na shina la mti, ambayo sehemu yake ya juu hufa wakati wa baridi na kuchipua tena kutoka mizizini. Hiyo ndiyo huziba mapengo mawaridi yanapokwisha, kwa hiyo aliyechelewa hadi Agosti hatakosa kila kitu. Bustani Nyeupe, yaani chumba cha maua meupe, iache mwisho, alasiri, kwa kuwa jua la mchana hufifiza weupe wake.

Usichume wala usikate kijiti kwa siri. Kuingiza mmea nchini kunahitaji cheti cha afya ya mimea, na zaidi ya hayo mawaridi hayo hungoja baridi ndefu ndipo yachanue, baridi ambayo Mwanza haina. Ukitaka chumba cheupe nyumbani kwako, asumini itakutosha.